Istilahi za Njia za Joto: Bani, Bomba na Kilango

Mfasiri akabidhiwapo mwongozo wa mashine, aghalabu neno limpotoshalo si lile geni, bali ni lile alilolizoea. Katika makala haya tunakusudia kulidhihirisha jambo hilo kwa kuzichunguza istilahi za njia za hewa ya joto. Tutaanzia Songea, mkoani Ruvuma, ambako wakulima wa tumbaku walikwisha kuundiwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Ngoni-Matengo mwaka 1936, na ambako kuliongoza joto ndani ya jengo ni kazi ya siku nyingi.

Songea ni nchi ya tumbaku ya moshi. Majani hutundikwa ndani ya bani, moto ukawashwa chini yake, na moshi ukayapenya na kuyapa rangi na harufu. Tabora na Chunya hukaushwa tumbaku ya mvuke. Huko mdomo wa tanuri huwa nje. Joto hupita bani kwa mabomba ya bati, na moshi hutoka kwa dohani pasipo kuligusa jani. Msomaji atambue kwamba katika "mvuke" huu hakuna maji yachemkayo. Jina hilo limekwisha kukubalika sokoni, wala hatudai lifutwe. Lakini mfasiri atakayelichukua na kulitumia kwa hewa kavu ya mashine atampoteza msomaji wake.

Sasa tuitazame pampu ya joto. Mashine hii haizalishi joto kwa kuchoma kitu. Hulichota katika hewa ya nje, hata ikiwa baridi, na kulihamishia ndani, kwa kanuni ile ile ya jokofu. Katika nchi za baridi hewa iliyopashwa husambazwa vyumbani kwa njia za bati, na kila tawi huwekewa kibati kizungukacho ili kupunguza au kuongeza hewa ipitayo.

Baadhi ya wafasiri wangependa kuiita mashine hii "bomba la joto". Neno bomba lina maana mbili: chombo cha kusukumia, na mwanzi wa kupitishia. Fundi aambiwaye "kagua bomba la joto" hatajua kama akague mashine au njia zake. Mfereji nao haufai: bara ni handaki la maji, na pwani ni bomba la maji ya kunywa. Mkondo ni kile kitiririkacho, si chombo kikibebacho.

Hatari kubwa zaidi imo katika kitenzi kufunga. Tuchukue agizo hili: "Funga vilango vyote kabla ya kuwasha mashine." Fundi mmoja ataelewa kwamba avipachike vilango mahali pake, mwingine ataelewa kwamba avizibe. Huyu wa pili atainyima mashine hewa, nayo italemewa na kuzimika. Kwa hakika mwongozo hutaka kinyume chake: vilango viachwe wazi vyote kwanza, kisha vile vya vyumba vilivyo karibu na mashine vipunguzwe kidogo kidogo hadi vyumba vya mbali navyo vipate joto. Mkulima wa tumbaku ya mvuke hahitaji kufundishwa somo hili, kwani akichelewa kuyafungua matundu ya bani wakati jani litoapo unyevu, mavuno yake huharibika.

Kwa hiyo tunapendekeza: pampu ya joto kwa mashine, njia ya hewa kwa mwanzi wa bati, kilango cha hewa kwa kibati kizungukacho, tundu la hewa kwa uwazi usio na kibati, na dohani ibaki kwa moshi peke yake. Kwa vitenzi, kupachika kuwe kwa kukiweka kifaa mahali pake, na kuziba, kupunguza na kufungua kuwe kwa kukiendesha. Kufunga kuepukwe kabisa katika miongozo ya aina hii.

Wasomaji, hasa walimu wa ufundi na mabwana shamba, wanaombwa watuletee maneno yatumikayo kwao. Huenda lililo bora kuliko haya yetu limo tayari midomoni mwa wakaushaji tumbaku.