Namba za Lugalo Hazipandi Mlima

Mcheza gofu aliyefundwa Dar es Salaam hubeba kichwani orodha ya umbali. Namba 7 mita 140, namba 8 mita 130, na kadhalika mpaka fimbo fupi ya kuchomoa mpira kwenye mchanga. Orodha hiyo ameipata kwa jasho: Lugalo kwenye uwanja wa Jeshi, wilayani Kinondoni, au Gymkhana karibu na bahari. Ameirudia hadi haifikirii tena. Kisha siku moja anapanda basi la Arusha au treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwaka 2024, anafika kwenye uwanja uliojiegemeza mlimani, na kuanzia shimo la kwanza mipira yake inaangukia mahali asipopataka. Mingine inavuka grini, mingine haifiki, na mingi inakwenda kushoto bila sababu anayoiona. Jioni analaumu mkono wake.

Mkono hauna kosa. Umbali ule aliojifunza ni mali ya Dar: hewa ya usawa wa bahari, joto la pwani na ardhi isiyoinamisha miguu. Ukibadilisha lolote kati ya hayo matatu, namba iliyochongwa chini ya fimbo haikuambii tena mpira utafika wapi. Naandika haya kwa ajili ya vijana wetu wa Kinondoni na Temeke hasa, kwa sababu wana vipaji vikubwa na nafasi zao za kusafiri ni chache. Haifai nafasi hizo ziishie kwenye mshangao ambao ungeweza kuondolewa kwa nusu saa ya hesabu.

Tuanze na hewa. Mpira unaoruka unasukumana na hewa, na hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba mpira huongeza karibu asilimia 2 ya umbali kwa kila mita 500 za kimo, au pungufu kidogo. Morogoro, chini ya Uluguru, iko kwenye kimo cha takriban mita 500, kwa hiyo tofauti haihisiki sana. Arusha ni karibu mita 1,400, na hapo unapata asilimia 5 hivi: fimbo iliyokupa mita 140 Lugalo itakupa karibu 147. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni asilimia 6. Limuru, kule juu kwenye baridi na mashamba ya chai, kimo kinapita mita 2,000 na nyongeza inakaribia asilimia 8. Ndiyo maana hata wachezaji wa kulipwa wanaokuja Kenya Open kutoka Ulaya hutumia siku za mazoezi kupima upya kila fimbo kabla ya kupiga mkwaju mmoja wa mashindano.

Joto nalo lina neno. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, na mpira wenyewe ukiwa na joto hudunda vizuri zaidi usoni mwa fimbo. Mchezaji wa Dar amezoea nyuzijoto 30, hivyo asubuhi ya Arusha mwezi Julai, jaketi likiwa bado mwilini, sehemu ya zawadi ya kimo hunyang'anywa na baridi. Na hapa niseme jambo ambalo wengi hubisha: unyevu wa pwani hauufanyi mpira kuwa mzito angani. Hewa yenye mvuke mwingi ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu ya joto lile lile. Kinachotuchosha Dar ni jasho na upepo wa bahari. Mpira wenyewe unaruka bila shida.

Lakini hewa ndiyo sehemu rahisi. Ugumu wa uwanja wa mlimani uko kwenye ardhi, na ardhi inakudai mara mbili: mahali mpira unakokwenda na mahali uliposimama.

Grini iliyo juu yako huukata mpira kabla haujamaliza safari. Kanuni ya wazee wa mchezo inasema mita 10 za kupanda ni sawa na kuongeza fimbo moja, na kwa fimbo za kati kanuni hiyo ni nzuri. Ila ni vyema kujua inatoka wapi, maana kuna mahali inakuangusha. Mpira wa namba 9 hushuka kwa pembe kali, tuseme nyuzi 45. Ukikutana na ardhi iliyoinuka mita 10, unapoteza takriban mita 10. Mpira wa fimbo ndefu kwa mchezaji wa kawaida hushuka kwa ulalo, labda nyuzi 35, na kwa mwinuko huo huo unapoteza mita 14. Kwa hiyo kadiri shimo lilivyo mbali na la kupanda, ndivyo fimbo ndefu inavyokudanganya zaidi. Ukiwa na njia ya kufika kwa mikwaju miwili mirefu ya wasiwasi au mitatu ya uhakika, chagua mitatu. Kuteremka ni kinyume chake, pamoja na hatari moja ya ziada: mpira unakaa hewani muda mrefu, na upepo unapata nafasi ya kuuchukua.

Sasa, utajuaje grini imeinuka mita ngapi? Vifaa vya kupimia umbali vinaruhusiwa kwenye kanuni tangu 2019, lakini kupima mwinuko kwa kifaa wakati wa mashindano ni kosa. Lazima jicho lifundishwe. Simama wima, tazama mbele kwa usawa kabisa bila kuinua wala kuinamisha kidevu, na uangalie mstari wa macho yako unagonga wapi. Ukigonga mguu wa bendera, grini imekuzidi kwa kimo cha macho yako, mita moja na nusu hivi. Ukigonga chini zaidi kwenye mteremko, hesabu ni bendera ngapi zingesimamishwa kutoka pale hadi kwenye shimo, kisha ongeza kimo cha macho yako. Mti wa bendera kwa kawaida una mita 2 na kitu. Bendera nne ni mita 8 hadi 9: ukiongeza kimo cha macho, ni fimbo nzima.

Kisha miguu. Ukisimama kwenye mpando, mguu wa mbele juu, na mabega yako yakafuata mteremko kama inavyopaswa, uso wa fimbo unalala zaidi. Tofauti ya ulalo kati ya fimbo moja na inayofuata ni takriban nyuzi 4. Mpando wa nyuzi 4 au 5, ambao kwa macho ni mwinuko wa kawaida tu, umeshaigeuza namba 7 yako kuwa namba 8. Mpira utapanda juu na kuwa mfupi, na kwa anayepiga kwa mkono wa kulia utapenda kwenda kushoto. Kwenye mteremko namba 7 inageuka 6: mpira unatoka chini, unakwenda kwa kasi na kukimbia sana ukitua. Kosa kubwa la wachezaji wa tambarare hapa ni kuegemea nyuma ili kuuinua mpira. Wanapiga ardhi kwanza. Acha mabega yafuate ardhi, chukua fimbo yenye ulalo zaidi, na kubali kwamba mpira utatoka chini.

Mpira ukiwa juu ya miguu yako unakwenda kushoto, ukiwa chini unakwenda kulia. Hilo karibu kila mchezaji ameshaambiwa. Asichoambiwa ni kwamba kiasi kinategemea fimbo. Kwenye ardhi iliyoinama nyuzi 5, fimbo fupi yenye ulalo wa nyuzi 46 itaelekea kushoto karibu nyuzi 5, na fimbo ndefu yenye ulalo wa nyuzi 25 itaelekea nyuzi 2 tu na kidogo. Nyuzi 5 kwenye umbali wa mita 110 ni karibu mita 10 pembeni, yaani umetoka grini. Kwa hiyo mahali pa namna hiyo mara nyingi ni busara kuacha fimbo fupi, kushika ndefu chini kidogo ya mshikio na kupiga nusu ya nguvu.

Tuyaweke yote pamoja. Uko Arusha, bendera iko mita 130, grini imeinuka mita 10, na umesimama kwenye mpando wa nyuzi 5. Mwinuko unaifanya 130 kuwa 140. Mpando wa miguu unakula fimbo nyingine, sasa ni 150. Kimo cha Arusha kinakurudishia asilimia 5, hivyo unahitaji mkwaju ambao Lugalo ungekwenda mita 143. Kama namba 7 yako ni mita 140 na asubuhi bado ni ya baridi, piga namba 6 kwa uthabiti. Aliyesoma namba 130 kwenye kijiti cha umbali akatoa namba 8 amekosa kabla hajainua mikono.

Kuhusu namba yenyewe, kuna tahadhari inayowahusu zaidi wanaonunua fimbo za mtumba, na kwetu ni wengi. Namba 7 ya miaka ya 1980 ilikuwa na ulalo wa nyuzi 36 hivi. Namba 7 nyingi za leo zinazotengenezwa kwa wachezaji wa kawaida zina nyuzi 28 hadi 30. Ukiwa na seti iliyochanganywa kutoka mifuko mitatu tofauti, inawezekana kabisa namba 7 na namba 6 zako zikapeleka mpira mahali pamoja, na kati yao na namba 8 kukawa na pengo la mita 20. Kwenye tambarare pengo hilo unalifunika kwa kuongeza au kupunguza nguvu. Mlimani, ukiwa umesimama mguu mmoja juu, huna uhuru huo. Pima kila fimbo peke yake na uandike umbali wake halisi kwenye plasta uliyoibandika kwenye mshikio.

Waskoti walioukuza mchezo huu hawakuwa na namba. Fimbo zao za mti wa hikori zilikuwa na majina, mashie, niblick, brassie, na mchezaji alilazimika kuijua tabia ya kila moja. Namba zilienea pamoja na mipini ya chuma, ambayo R&A ya St Andrews, chombo cha kanuni za gofu, iliiruhusu mwaka 1929, na kikomo cha fimbo 14 kikafuata mwishoni mwa miaka ya 1930. Nawashauri wachezaji wetu wachukue kutoka kwao jambo moja la ufundi: karibu na grini iliyoinama, msikimbilie fimbo fupi ya kuurusha mpira juu. Chukueni namba 7 au 8, uangusheni mpira mapema na muuache utambae. Mpira unaotambaa hausumbuliwi sana na mguu uliosimama vibaya, na kiangazi ardhi yetu ngumu inaupokea vizuri.

Kwenye grini zilizo chini ya milima mikubwa jicho hudanganyika. Arusha na viwanja vilivyo kati ya Meru na Kilimanjaro, kama ule wa Kili Golf wa Usa River, vimekaa kwenye nchi nzima iliyoinama taratibu kutoka mlimani. Kwa kuwa kila kitu kimeinama, jicho huona ni tambarare, na grini iliyoinama kidogo huonekana imeinama upande usio wake. Muulize kedi wa hapo maji ya mvua hukimbilia wapi, na umwamini yeye kuliko macho yako.

Mazoezi ya miguu hayahitaji nauli. Mbagala, Kijichi na pande za mabonde ya Kizinga na Mzinga kuna miteremko ya kila aina. Tafuta kipande kilicho wazi, bila mpira, na urudie mzunguko wa fimbo kwenye mpando, kwenye mteremko, na mpira wa kufikirika ukiwa juu ya miguu na chini ya miguu. Angalia fimbo inagusa nyasi wapi. Ikiwa inagusa mahali pale pale kila mara, umeshapata nusu ya kazi. Mpira wenyewe usubiri uwanjani, maana nyumba za watu ziko karibu.

Na atakayebahatika kufika Uskoti ajue kwamba St Andrews itamfaa mchezaji wa Dar kuliko anavyodhani: usawa wa bahari, mchanga, upepo, mpira wa chini. Uwanja wenyewe ni mali ya umma, si wa klabu yoyote, na handikapu ya nyumbani inatambulika kwa mfumo wa dunia ulioanza 2020. Mtihani wa mlima uko Edinburgh, Braid Hills, uwanja wa manispaa uliofunguliwa mwaka 1889, ambako hahitaji kuwa mwanachama ili kucheza. Kimo hakimpi chochote pale, na nyuzijoto 10 zitampunguzia mita kadhaa kwa kila fimbo aliyoipima kwenye joto la Lugalo. Aongeze fimbo moja kwa ajili ya baridi, halafu ndipo aanze kuhesabu bendera za mwinuko.