Uza kazi yako, usiuze mkono wako



Ukifika Ras Kisimani, ncha ya kusini-magharibi ya Kisiwa cha Mafia, utaambiwa habari za mji wa kale uliokuwa pale. Sehemu kubwa yake imeliwa na bahari. Husimuliwa kwamba sultani wa mji ule alijengewa jumba zuri mno, na fundi mkuu alipomaliza kazi akakatwa mkono, ili asije akamjengea mtu mwingine jumba kama lile. Haukupita muda mrefu, bahari ikapanda ikaumeza mji. Wanaosimulia husema ilikuwa adhabu ya dhuluma ile.

Iwe historia au hadithi ya kufundishia, inamhusu kijana anayemaliza chuo leo na kutafuta mwajiri. Nimeikumbuka kwa sababu ya kijana mmoja wa kisiwani humo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya kompyuta. Yeye ni Mwislamu, lakini hilo halikumzuia kuomba ushauri kwa padri. Baba yake ni mvuvi, mama yake husuka mikeka. Amepata nafasi mbili Dar es Salaam. Moja ni kampuni ya michezo ya kubahatisha kwa simu, inayompa shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Nyingine ni ofisi ndogo inayotengeneza mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa, inayompa 1,000,000, akifanya kazi chini ya watu wawili wenye uzoefu. Akaniuliza: "Baba Padri, ni dhambi kuchagua penye hela nyingi?"

Nilimjibu kwanza kwamba kuuliza mshahara si dhambi. Wapo waajiri wanaopenda kutukumbusha kuwa Yohane Mbatizaji aliwaambia askari waridhike na mishahara yao (Lk 3:14). Wanasahau kwamba aliwaambia watu wenye silaha, waliozoea kuwanyang'anya wanyonge. Kwa mwenye kuajiri, Maandiko yana neno jingine: ujira wa maskini ulipwe kabla jua halijazama (Kum 24:15), na ujira uliozuiliwa hulia mpaka ukamfikia Bwana (Yak 5:4). Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum, alifundisha kwamba mshahara hauwi wa haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Anayekubali malipo duni kwa kuogopa njaa amelazimishwa, hata kama ametia saini kwa mkono wake.

Pili, nilimwambia akae apige hesabu, kama yule wa Injili anayetaka kujenga mnara (Lk 14:28). Hapa vijana wengi hudanganyika. Milioni moja ya kwenye mkataba si milioni moja ya mfukoni. Toa asilimia 10 ya NSSF, yaani 100,000. Katika 900,000 zinazobaki, kodi ya mapato ni 103,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, inakatwa asilimia 15 ya mshahara, yaani 150,000. Unachukua nyumbani 647,000.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa 1,800,000. NSSF 180,000, kodi 314,000, mkopo 270,000. Unachukua 1,036,000. Tofauti ya kazi zile mbili kwenye karatasi ni 800,000. Mfukoni ni 389,000. Fedha hiyo bado ni nyingi kwa mtoto wa mvuvi, na sitamdharau anayeihitaji. Lakini aijue kwa ukubwa wake halisi kabla haijamtia kiwewe. Akumbuke pia kwamba NSSF ni akiba yake, na mkopo ni deni lake mwenyewe linalopungua.

Kabla ya kusaini, uliza kwa adabu: mshahara huu ni kabla ya makato au baada? Michango yangu ya NSSF inapelekwa kila mwezi? Mshahara utaangaliwa upya lini? Dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ukitaka kuomba nyongeza, omba kabla ya kutia saini, ukionyesha programu ulizokwisha kuandika zikafanya kazi. Kilio cha shida za nyumbani hakimweleweshi mwajiri thamani yako. Kazi yako ndiyo itakayomwelewesha.

Tatu, nilimwambia autazame mkono wake. Kwa fundi wa kompyuta, mkono ni ujuzi. Nao hukatwa taratibu bila damu kuonekana: miaka miwili ya kurekebisha jedwali lile lile, bila mtu wa kukukosoa wala kukufundisha, huku fani ikikuacha nyuma. Au hukatwa kwa kifungu cha mkataba kinachokuzuia kufanya kazi kwingine, ulichokipita bila kukisoma. Kwa hiyo uliza pia: nani ataipitia kazi yangu? Waliotangulia hapa wamejifunza nini, na leo wako wapi?

Tena utazame mkono huo unawafanyia nini wengine. Katekisimu ya Kanisa inafundisha kwamba michezo ya bahati si miovu yenyewe. Inakuwa mibaya inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Basi jiulize: programu nitakayoandika inamsaidia mchezaji kuacha anapoishiwa, au imetengenezwa asiache? Anayecheza nauli yake usiku anaweza kuwa binamu yako pale Kilindoni.

Januari 2023 jarida la Time liliandika habari za wafanyakazi wa Nairobi waliosomeshwa maandishi ya ukatili na uchafu, wayawekee alama, ili akili mnemba ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Walichukua nyumbani kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, na wapo walioeleza jinsi waliyoyasoma yalivyowaumiza akilini. Mashine ilisafishwa, wao wakabaki na uchafu. Mkono wa fundi unaweza kukatwa hata katika ofisi yenye kiyoyozi.

Nilimwambia kijana yule wazi kwamba mimi ningeanzia kwenye ile ofisi ndogo, mradi mkataba uwe wa maandishi na mshahara uangaliwe upya baada ya mwaka. Nikaongeza: kama nyumbani kuna mgonjwa au njaa ya leo, jambo hilo lina uzito wake mbele ya Mungu, nawe uamue ukiwa umelipima. Uamuzi nimemwachia.

Nawe mzazi, mwanao aliyehitimu usimfanye mnazi wa kuangua kila siku. Mnazi hupewa muda wa kukua. Nawe mwajiri unayewaweka wahitimu miezi sita "wakijitolea", wakikujengea mfumo unaouuza, bila hata nauli, sikiliza hadithi ya Ras Kisimani. Umejengewa jumba, fundi amekwenda na nini?

Papa wetu Leo XIV alisomea hisabati chuo kikuu. Tarehe 10 Mei 2025 aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina lake akimkumbuka Leo XIII na waraka ule wa 1891, kwa kuwa akili mnemba inaleta changamoto mpya kwa utu, haki na kazi. Basi kijana wa kompyuta asidhani Kanisa haliijui fani yake. Apige hesabu, apime, asali. Auze kazi yake kwa bei ya haki. Mkono wenyewe ni wa Mungu aliyeuumba, na hauna bei.

Mungu aibariki kazi ya mikono yetu. Nawatakia Jumapili njema.