Sakafu ya Mbao: Ubao Mzima au wa Tabaka? (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliliacha jamvi la zege likiwa limemwagwa na kusawazishwa. Sasa mwenye nyumba anakwenda kununua mbao, na swali la kwanza analokutana nalo dukani ni hili: mbao nzima au za tabaka? Wengi hujibu kwamba wanataka "mbao halisi", wakidhani za tabaka ni bandia. Wanakosea. Bandia ni ile yenye picha ya mbao iliyochapwa kwenye karatasi na kugandishwa juu ya unga wa miti ulioshindiliwa. Ubao wa tabaka una mti wa kweli juu, kwa kawaida unene wa milimita 2 hadi 6, na chini yake plaiwudi.

Plaiwudi hiyo ina kazi yake. Ubao hata ukikauka huendelea kunywa unyevu wa hewa wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Upana ndio unaotanuka na kusinyaa. Katika chumba cha upana wa mita 4, hata mtiki, mti mtulivu kuliko mingi, ukiongeza unyevu kwa asilimia 3 tu unaweza kudai nafasi ya sentimita 2 zaidi. Isipokuwepo nafasi hiyo ukutani, sakafu hubetuka katikati. Katika plaiwudi nyuzi za kila tabaka hukingama na za tabaka jirani, kwa hiyo zinazuiana zisitanuke.

Hapo ndipo mahali unapoishi panapoamua. Mbao zilizozoea hewa ya Dar es Salaam au Tanga hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 14; Dodoma wakati wa kiangazi hushuka hadi asilimia 10 hivi. Mninga uliokaushwa pwani ukaupeleka Dodoma utasinyaa na kuacha mianya. Kwa hiyo mbao nzima zikaushwe kwa kiwango cha mahali zitakapolazwa, kisha zikae ndani ya nyumba hiyohiyo wiki mbili tatu kabla fundi hajapiga msumari wa kwanza.

Mbao nzima zina sifa moja ambayo za tabaka haziifikii. Ubao wa mkongo au mtiki wa milimita 20 unaweza kupigwa msasa mara nyingi, ukawafaa hata wajukuu. Wenye tabaka la juu la milimita 4 utavumilia mara moja au mbili. Wa milimita moja usiuguse kabisa. Basi usiulize bei kabla ya kuuliza unene wa tabaka la juu.

Uliza pia kilichomo chini ya tabaka hilo, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kiini cha mtiki, kama ule wa Longuza kule Muheza, mchwa hawakipendi. Lakini ubao wenye mtiki juu na msonobari chini ni karamu kwao, nao hula kimyakimya hadi mguu wako uzame. Plaiwudi iwe imetiwa dawa, na gundi yake iwe ya kuhimili maji.

Kwangu mimi, ghorofani naweka mbao nzima bila kusita. Chini, juu ya jamvi, pwani, nachagua za tabaka zenye milimita 4 juu, mradi mchwa wamedhibitiwa kabla ya kumwaga zege.

Zege lenyewe hukauka polepole mno: hesabu mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Mimi sikusubiri. Mninga wangu ulilazwa wiki ya tano, na masika yalipoanza mbao zilikuwa zimenyanyuka kingo kama vigae vya paa. Siku hizi nabandika nailoni ya mita moja juu ya jamvi, naifunga kingo zote kwa utepe wa gundi, naiacha siku nzima. Nikiifunua nikakuta matone chini yake, au zege limegeuka jeusi, mbao zinabaki stoo.