Clandon Park: Jumba lililoungua lagawanya Waingereza

Kuta za matofali mekundu bado zimesimama. Lakini ndani ya jumba la Clandon Park, katika jimbo la Surrey, kusini mwa Uingereza, vyumba vya fahari vimebaki matofali matupu na mbao zilizoungua.

Jumba hilo lilijengwa katika karne ya 18 kwa ajili ya tajiri Thomas Onslow. Ramani ilichorwa na Giacomo Leoni, msanifu majengo kutoka Venice, Italia. Sifa yake kubwa ilikuwa Ukumbi wa Marumaru, wenye kimo cha ghorofa mbili na dari iliyojaa sanamu za plasta. Mwaka 1956 familia ya Onslow ilitoa jumba hilo kwa shirika la National Trust, linalotunza majengo ya kale.

Tarehe 29 mwezi wa nne mwaka 2015, hitilafu katika kisanduku cha umeme, kwenye vyumba vya chini ya ardhi, iliwasha moto. Moto ulipanda kupitia njia ya lifti hadi kwenye paa. Wazimamoto na wafanyakazi waliokoa mamia ya vitu, lakini paa na sakafu zilianguka. Kilichosalimika karibu chote ni chumba kimoja tu, kile cha Maspika, kinachokumbuka watu watatu wa ukoo wa Onslow walioongoza Bunge la Uingereza.

Mwanzoni, National Trust iliahidi kurudisha vyumba vikuu vya chini kama vilivyokuwa. Mwaka 2022 ikabadili mawazo: kuta zitaachwa wazi, paa jipya litawekwa, na wageni watapita juu ya madaraja ya ndani. Shirika linasema moto umefunua kazi ya mafundi iliyofichwa na plasta kwa karibu miaka 300.

Wapinzani hawakubali. Wanauliza: bima imelipa, kwa nini jumba lisijengwe? Wanatoa mfano wa Uppark, jumba lingine la shirika hilo hilo. Liliungua mwaka 1989, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1995, na kazi hiyo ilifufua ujuzi wa mafundi wa plasta na mbao.

Wanaotetea uamuzi wanajibu kwamba Uppark ilibakiza vitu vingi vya asili. Clandon imebakiza vichache mno. Kwao, dari mpya itakuwa nakala tu. Kwa wapinzani, nakala nzuri ni bora kuliko magofu.