Gemu za Mario Mitaani Eastlands

Wako wenzetu wanaodhani kwamba gemu zilianzia kwenye simu. Sivyo! Mjomba wangu, aliyekulia mtaa wa Umoja miaka ya 1990, hunisimulia habari za "TV gemu", kile kisanduku cha plastiki kilichounganishwa na televisheni na kutiwa kaseti. Vingi vilikuwa vya kuiga Famicom, mashine ambayo kampuni ya Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti nyingine ziliandikwa kwamba zina maelfu ya gemu, lakini ukihesabu vizuri ni chache tu, zimerudiwarudiwa.

Iliyotia fora ni Super Mario Bros. ya mwaka 1985. Mario hukimbia kwenda kulia, akiruka mashimo na kukanyaga maadui, nayo picha humfuata. Picha hairudi nyuma; kilichopita kushoto kimepita. Gemu nzima ilitoshea kilobaiti 40. Picha moja unayopiga kwa simu huishinda mara nyingi! Watengenezaji walibana matumizi kama mama mwenye unga kidogo. Hebu tazama: wingu na kichaka ni mchoro mmoja, rangi tu ndiyo iliyobadilishwa.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Maadui wengi hawakutokea ovyoovyo. Walipangiwa mahali pao ndani ya kaseti, wakangoja picha iwafikie. Kwa hivyo mtazamaji aliweza kujifunza sawa na mchezaji. Jambo hili lilikuwa kubwa mtaani, maana televisheni ilikuwa moja na watoto kumi, na palipokuwa pa kulipia, si kila mtoto alikuwa na shilingi. Mjomba hakuwa nayo. Alisimama mlangoni akikariri: adui wa kwanza, kanyaga, bomba la kwanza, la pili, la tatu, la nne, halafu shimo! Siku aliyopewa zamu (sheria ilikuwa "ukikufa unapeana") alimaliza steji ya kwanza bila kufa, na wenye pesa wakabaki vinywa wazi.

Shida moja: gemu hiyo haikuhifadhi mlipofikia. Stima ikipotea, kama wakati wa mgao wa mwaka 2000, mlianza upya kabisa. Mjomba asema kelele zilisikika mpaka ploti ya pili.