Mahindi mabovu uliyompa ng'ombe hurudi kwenye kikombe cha mtoto

Majuzi mama mmoja wa Kawangware alikuja kwenye kliniki yangu na mtoto aliyekuwa akiharisha. Mtoto alipata nafuu upesi, na si maradhi yake ninayotaka kukueleza leo. Nilipomwuliza mama huyo anampikia mtoto nini, alinisimulia kwa makini jinsi anavyochambua mahindi kabla ya kuyapeleka kwenye kinu: yaliyooza, yaliyotobolewa na wadudu na yaliyoshika rangi ya kijani huyatenga kando. Nikampongeza. Kisha nikamwuliza huyatupa wapi.

"Siyatupi, daktari," akanijibu. "Nampelekea jirani mwenye ng'ombe, naye hunipimia maziwa ya huyu mtoto."

Kwa mtu anayehesabu kila shilingi, hiyo ni busara. Lakini pia ndiyo njia fupi ya kuirudisha sumu ndani ya nyumba ambayo imetoka kuifukuza. Wengi wetu hudhani kwamba chakula cha mnyama ni jambo la mnyama na chakula cha binadamu ni jambo la binadamu. Ini halijui tofauti hiyo.

Sumu ninayoizungumzia ni aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus pamoja na jamaa zake, ambayo huishi udongoni na hupenda mahindi na njugu karanga, hasa pale ukame unapoudhoofisha mmea shambani na mavuno yakahifadhiwa kabla ya kukauka. Sumu hiyo haina ladha ya kukuonya. Kuichemsha hakuiondoi, kwani hustahimili moto mkali kuliko ule wa sufuria ya ugali au githeri. Ukila nyingi kwa mpigo, ini huharibika kwa siku chache. Ukila kidogo kidogo kwa miaka mingi, hatari kubwa ni saratani ya ini.

Waliotufundisha haya yote, kusema kweli, ni wanyama. Mwaka wa 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya njugu yaliyoota kuvu, yaliyotoka Brazil. Hapo ndipo sumu hii ilipopata jina.

Hapa kwetu, somo lilikuja kwa uchungu zaidi. Kati ya Machi na Juni 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali 3 za wilaya ya Machakos wakiwa na maumivu ya tumbo, kukosa hamu ya chakula, uchovu na homa ndogo. Baada ya kama juma moja macho yaligeuka manjano na mkojo ukawa mweusi. Watu 12 walifariki. Mahindi waliyokula yalipopimwa, mengine yalikuwa na sumu kufikia sehemu 12,000 katika bilioni, ilhali kiwango kinachokubaliwa Kenya leo ni sehemu 10. Madaktari walioandika habari za mkasa huo waliweka kumbukumbu ambayo mimi siisahau: walianza kufa njiwa, wakafuata mbwa, mwisho wakaja watu. Onyo lilikuwepo uani, lakini ni nani anayehesabu njiwa waliokufa?

Miaka 23 baadaye yakatokea tena, na kwa ukubwa zaidi. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua, hasa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Wachunguzi waliponunua bidhaa za mahindi katika masoko 65 ya maeneo hayo, zaidi ya nusu ya sampuli 350 zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, cha sehemu 20 katika bilioni.

Huenda ukasema, hayo ni mambo ya Ukambani, mimi naishi Kibera. Mahindi hayaishi yanakolimwa. Gorogoro unayopimiwa Toi au Kawangware huweza kuwa imechanganya magunia ya wilaya tatu, na mwenye kibanda mwenyewe hajui. Wala unga wa pakiti si kinga kamili: mnamo Novemba 2019 Shirika la Viwango nchini lilisimamisha uuzaji wa aina 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii hii. Unga una hila moja zaidi, nayo ni kwamba huwezi kuuchambua. Ndiyo maana kwa familia yenye muda, mimi napendelea inunue mahindi mazima, iyachambue, kisha iyapeleke kwenye kinu.

Sasa turudi kwa ng'ombe wa jirani. Ng'ombe akila mahindi yenye aflatoksini, vijidudu vya tumboni mwake huivunja kiasi, na nyingine hufika kwenye ini. Ini huibadilisha iwe namna nyingine, nayo hutoka kwenye maziwa. Kwa kawaida ni kama asilimia 1 hadi 6 ya sumu aliyoila. Huchukua muda usiofika siku moja tangu chakula hadi kiwele. Ng'ombe mwenyewe anaweza kuonekana mzima, pengine amepunguza maziwa tu, na mwenyewe akalaumu kiangazi. Kuchemsha maziwa, ambako ni lazima kwa ajili ya kifua kikuu na brusela, hakuiondoi sumu hii.

Jambo hili si la kinadharia. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009, uliopima maziwa na vyakula vya mifugo katika miji kadhaa ya Kenya, ulikuta dalili za sumu hii katika karibu maziwa yote ya pakiti yaliyopimwa, na kama thuluthi moja yalizidi kiwango kinachokubaliwa Ulaya. (Kiwango cha Ulaya ni kikali mno, tusikimbie barabarani.) Utafiti mwingine wa mwaka wa 2016 uliwaangalia watoto wa Korogocho na Dagoretti, yaani Kawangware na vitongoji jirani. Sumu ilikuwamo karibu katika vyakula vyote vilivyopimwa, na watoto waliopata zaidi ile ya kwenye maziwa walielekea kuwa wafupi kuliko umri wao. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sumu ndiyo iliyowadumaza, kwani umaskini na kuharisha pia hudumaza. Lakini ungekuwa mwanangu, nisingengoja uthibitisho.

Je, uache kumpa mtoto maziwa? La, hata kidogo. Mtoto aliyenyimwa maziwa kwa hofu ya aflatoksini hupata hasara ya hakika ili kuepuka hasara ya kubahatisha. Mama anayenyonyesha naye, ijapokuwa sumu aliyoila huweza kupita kidogo kwenye maziwa yake, aendelee kunyonyesha. Kinachotakiwa kubadilika ni chakula kinachomfikia mama huyo, na kinachomfikia ng'ombe. Habari njema ni kwamba ng'ombe akiachishwa chakula kibovu, maziwa yake husafika kwa siku chache tu. Kwa hiyo ukinunua maziwa kwa jirani, mwulize humlisha nini. Ukisikia ni nyasi na majani ya mahindi, vizuri. Ukisikia ni pumba zilizoshikana kwa unyevu, mahindi mabovu au mashudu yaliyolala stoo kwa miezi, mweleze ulichosoma hapa.

Wafugaji wa kuku nao wasikilize. Kuku huvumilia kuliko bata, lakini hudumaa, hupunguza kutaga na hushikwa na magonjwa kwa urahisi. Sumu inayoingia kwenye yai ni kidogo kuliko ya kwenye maziwa, na hainitii wasiwasi sana. Mbwa ni dhaifu mno kwa sumu hii. Anayempikia mbwa wake ugali wa mahindi yaliyotengwa asishangae akimpoteza.

Nina jambo la kukiri kwa niaba ya wenzangu. Kwa miaka mingi sisi madaktari tumewasifia akina mama unga wa uji wa mchanganyiko: mahindi, wimbi, njugu, omena, vyote vikasagwa pamoja. Bado nausifu, kwani mtoto anayelishwa uji wa mahindi matupu hukosa protini. Ila mahindi na njugu ndivyo vinavyobeba aflatoksini kuliko vyakula vingine, nasi huvitia pamoja kwenye kikombe cha mtu mwenye kilo 8. Ukiweza, changanya nyumbani kwa vitu ulivyovichagua kwa mkono. Njugu iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyo chungu mdomoni usiitie. Tena badilisha vyakula: viazi, ndizi, mchele, maharagwe. Anayekula mahindi asubuhi, mchana na jioni hula pia sumu ya mahindi mara tatu.

Nyumba nyingi za Kibera zina chumba kimoja, mabati juu na sakafu yenye unyevu, kwa hiyo usinunue mahindi ya miezi mingi. Gunia liwekwe juu ya mbao, lisigusane na ukuta. Kujua kama mahindi yamekauka, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu kwenye chupa safi iliyo kavu, ongeza mahindi kufikia thuluthi ya chupa, tikisa kwa dakika moja, kisha uyaache yatulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu na yaanikwe tena. Kuyakoboa, kama wapishi wa muthokoi wafanyavyo, hupunguza sumu kwa sababu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Hupunguza tu, haimalizi.

Mahindi uliyoyatenga yatumbukize kwenye choo cha shimo au uyafukie. Jalalani yataliwa na mbuzi na kuku wa mtaa mzima, na ukimpa mpishi wa busaa utakuwa umehamisha msiba tu.

Kuna kinga nyingine ambayo watu hawaihusishi na chakula. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akila aflatoksini, hatari yake ya kupata saratani ya ini huweza kuwa mara 30 ya ile ya mtu asiye na virusi hivyo anayekula sumu hiyo hiyo. Tangu mwishoni mwa 2001 watoto wa Kenya wamekuwa wakichanjwa dhidi yake katika chanjo za kawaida za kliniki. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuchanjwa. Pimwa, na ukionekana huna virusi, uliza chanjo.

Yule mama wa Kawangware alirudi wiki iliyofuata kunionyesha mtoto. Jirani, akasema, alikasirika kwanza, kisha akauliza kama hiyo ndiyo sababu ndama wake wawili hawakui. Nilimwambia amwite daktari wa mifugo, maana hapo mimi si fundi.

Na ikitokea watu wawili au zaidi nyumbani wakaumwa tumbo, wakakataa chakula na macho yakageuka manjano, usingoje dawa za mitishamba. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na mchukue konzi mbili za mahindi au unga mliokuwa mkila, ndani ya mfuko wa karatasi ulio mkavu. Mwambieni daktari pia kama kuna kuku, mbwa au njiwa waliokufa karibu na nyumbani.