Nishani Aliyonyimwa Askari wa Mahiwa

Anayetoka Chidya, Masasi, kwenda Lindi hupita Ndanda, kisha Mahiwa na Nyangao. Wengi wetu hupita hapo tukiwaza bei ya korosho au saa ya kufika mjini. Hakuna kinachotufanya tugeuze shingo. Hata hivyo, Mahiwa ndipo yalipotokea mapigano makali kuliko mengine yote ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, Oktoba 1917.

Kwa muda wa siku nne jeshi la Waingereza, lenye askari wapatao 5,000 wakiwamo Wanaijeria wengi, lilipambana na jeshi la Wajerumani la askari wapatao 1,500 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu wao kwa kuuawa na kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza zaidi ya 500. Ukisema "Wajerumani" na "Waingereza" unasema bendera tu. Waliolala kwenye vichaka vile kwa wingi walikuwa Waafrika, wa upande huu na wa upande ule.

Miongoni mwa majeruhi wa upande wa Wajerumani alikuwamo mtoto wa miaka 13. Jina lake Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na vita vilipozuka mwaka 1914 mtoto aliingia jeshini pamoja naye. Baba hakurudi. Mtoto alijeruhiwa Mahiwa na kuchukuliwa mateka na Waingereza.

Baada ya Mahiwa vita vilipanda huku kwetu Masasi na Newala. Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hadi Chiwata, kisha akaingia Uwanda wa Makonde. Huko Nambindinga aliwaacha mamia ya wagonjwa na majeruhi wasioweza kutembea. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Siku tatu baadaye kikosi chake kingine, kilichoongozwa na Kapteni Tafel, kilisalimu amri karibu na Newala kwa sababu ya njaa. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yote yalikuwa yamekula chakula cha wanavijiji na kuchukua vijana wao kubeba mizigo. Kisha mwaka 1918 homa kuu ya mafua ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika.

Wakubwa waligawana heshima. Vita vikiwa bado vinaendelea, Lettow-Vorbeck alipandishwa cheo akawa jenerali, akatunukiwa Pour le Mérite, nishani ya juu kabisa ya ushujaa wa kijeshi ya Prussia, na Machi 1919 akapokewa Berlin kwa shangwe.

Mahjub naye alifika Berlin, miaka kumi baadaye. Alikuwa mhudumu melini, sasa akijiita Bayume Mohamed Husen. Mwaka 1929 alikwenda kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake, ambao haukuwa umelipwa. Akaambiwa amechelewa. Alibaki mjini humo, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akawafundisha Wajerumani Kiswahili chuo kikuu, akaoa, akapata watoto.

Mwaka 1934 Ujerumani ilianzisha Msalaba wa Heshima kwa wote waliopigana Vita Kuu. Husen aliomba wake. Alikuwa na haki kuliko wengi: alipigana, alijeruhiwa, alifungwa. Ombi likakataliwa, kwa kuwa watawala wa Kinazi hawakutaka kumpa Mwafrika heshima hiyo. Lakini yeye hakukubali. Alionekana hadharani amevaa sare ya askari, na nishani zikiwa kifuani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Husen alicheza ngoma ya wengine, nao wakamnyima hata kipande cha chuma.

Wakamnyima na uhai. Mwaka 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Kinazi, walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 kuna jiwe dogo lenye jina lake mbele ya nyumba aliyokaa mtaa wa Brunnenstraße, Berlin. Mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst ameandika kitabu juu ya maisha yake. Huko wanamkumbuka. Mahiwa, alikomwaga damu, ni watoto wangapi wa shule wanaolijua jina lake?

Husen angalau alikuwa askari, na jina lake liliandikwa mahali. Wapagazi hawakupata hata hilo. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile, na inakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina yao, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Radhi ni jambo jema, lakini haiandiki majina. Kazi hiyo ni yetu. Nishani ya Ushindi waliyopewa waliopigana upande wa Waingereza ina maandishi nyuma yake yasemayo kwamba vita vile vilikuwa kwa ajili ya ustaarabu. Waliozikwa pembeni mwa njia ya Lindi hawakuulizwa kama wanakubali. Lakini ukingoni mwa nishani hiyo huwa kumechorwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyeipata. Mahali pengine huo ndio ushahidi pekee ulioandikwa kwamba babu fulani alikuwapo. Nazo nyota na nishani za askari wa K.A.R., jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliokwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma katika Vita Kuu ya Pili: kila moja ina safari nyuma yake, na mwenye kuijua safari hiyo huenda ni bibi mmoja tu aliyebaki.

Kwa hiyo, ewe msomaji wa Masasi, Newala na Lindi, kama kuna nishani ndani ya sanduku la ukoo, usiiuze kwa mchuuzi wa vitu vya kale. Soma ukingo wake, andika jina kama lipo, waulize wazee, kisha peleka nakala shuleni au parokiani. Walimu wa Chidya, Ndanda na Newala wawape wanafunzi kazi ya kukusanya habari za askari na wapagazi wa vijiji vyao. Na halmashauri zetu ziweke Mahiwa kibao chenye majina yanayojulikana, jina la Mahjub bin Adam likiwamo. Gharama yake ni ndogo, na deni lenyewe lina zaidi ya miaka 100.